Wavu wa Inchi Tano

Mwaka 1927 serikali tatu za kikoloni zilizolizunguka Ziwa Victoria, yaani za Kenya, Uganda na Tanganyika, zilikubaliana kumleta mtu mmoja achunguze uvuvi wa ziwa zima. Mpaka uliochorwa juu ya maji haukuwa na maana yoyote kwa samaki, na walau kwa mara hiyo watawala waliliona hilo. Aliyeletwa alikuwa Michael Graham, kijana asiyezidi miaka 30, kutoka maabara ya uvuvi ya serikali ya Uingereza mjini Lowestoft, bandari inayotazamana na Bahari ya Kaskazini. Samaki aliowazoea walikuwa chewa wa Atlantiki, wakazi wa maji ya chumvi yenye baridi kali. Swali alilokabidhiwa huku kwetu lilikuwa fupi: ngege wanakwenda wapi?

Msomaji wa leo, anayeketi Kisumu, Mwanza au Entebbe mbele ya sahani, hana budi kwanza kuyafuta karibu yote anayoyajua kuhusu samaki wa ziwa hili. Sangara hakuwapo. Sato hakuwapo. Katika Kisumu ya sasa ukiagiza ngege utaletewa sato, kwa sababu mgeni alirithi mpaka jina la mwenyeji. Ngege halisi alikaa kwenye ghuba zenye maji mafupi, akila mwani mdogo sana unaoelea majini. Jike lake huatamia mayai kinywani, mayai mia kadhaa tu kwa uzao mmoja, na vifaranga wakishaanguliwa bado hukimbilia kinywani humo wakitishwa. Chewa wa Atlantiki humwaga mayai kwa mamilioni na kwenda zake. Tofauti hiyo ilikuwa na uzito kuliko ilivyoonekana. Samaki anayezaa kwa mamilioni anaweza kuvumilia mvuvi kwa muda mrefu kabla hajatetereka, ilhali jike la ngege likinaswa na watoto mdomoni limekwenda na uzao wake.

Cha kushangaza, samaki huyo aliyelisha watu wa pande zote za Nyanza kwa vizazi hakuwa na jina katika vitabu vya sayansi mpaka mwaka 1928, Graham mwenyewe alipomwandika kuwa Tilapia esculenta. Mbiru, jamaa yake mdogo, alikuwa ameandikwa tangu 1906. Wataalamu wa makumbusho ya Ulaya walikuwa wamepokea mizigo ya samaki waliohifadhiwa ndani ya spiriti kutoka ziwani miaka yote hiyo, na ngege aliyejaa sokoni kila asubuhi akawapita.

Wavuvi wa kandokando ya ziwa walikuwa na maarifa yao, tena ya kina. Waluo waliziba midomo ya mito Nzoia, Yala, Sondu na Kuja kwa nyua za matete zilizopachikwa migono, wakingoja samaki aitwaye ningu apande na mafuriko ya masika kwenda kutaga, na wakimngoja tena akirudi. Watu wa visiwa vya Ssese waliunda mitumbwi mirefu ya mbao zilizoshonwa kwa kamba, yenye kuthubutu kwenda mbali na nchi kavu. Penginepo watu waliunganisha mafunjo kuwa zulia refu, wakalizungusha majini na kulivuta ufukweni likiwasukuma samaki mbele yake. Kamongo alichomwa mkuki kwenye vinamasi. Kulikuwa na ndoana pia, na sumu za mimea. Njia zote hizi zilitegemea msimu, mikono mingi na maji ya karibu. Uwanda wa kati wa ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800 ulibaki hifadhi bila ya mtu kutunga sheria, kwa kuwa hakuna aliyeufikia.

Reli ndiyo iliyobadili hesabu. Desemba 1901 ilifika Port Florence, mji ambao sasa ni Kisumu, na ghafla ngege wa Ghuba ya Kavirondo akawa na walaji waliokuwa mbali kabisa na maji. Miaka michache baadaye, mnamo 1905, ikaingia zana iliyolingana na soko hilo: wavu wa kutega wa kitani kutoka Ulaya. Wavu huu haukokotwi. Hutundikwa majini jioni kama ukuta, maboya juu na vizito chini, ukaachwa hadi alfajiri. Samaki haoni kitu gizani, huingiza kichwa kwenye jicho la wavu, na matamvua yake yakisha kupita hawezi kurudi nyuma. Mtu mmoja na mwenzake katika mtumbwi waliweza kufanya kwa usiku mmoja kazi ya kijiji. Baadaye likafuata kokoro, wavu mrefu wa kukokota mpaka ufukweni, ambalo halichagui.

Wavu wa kutega unachagua, na jambo hili ndilo lililofanya historia yote iliyofuata iwezekane. Ukubwa wa jicho huamua ni samaki gani atakayeletwa nchi kavu. Mdogo hupenya, mkubwa kupita kiasi hugonga na kugeuka, na wa katikati ndiye hunasa. Kwa hiyo wavu wenye jicho linalojulikana, ukitegwa usiku mmoja, ni chombo cha kuvua na papo hapo ni kipimo. Wavuvi wa ghuba walilijua hilo kwa njia yao. Katika miaka ya mwanzo wavu mmoja uliweza kutoa makumi ya ngege kwa usiku. Kufikia miaka ya 1920 ulitoa kama saba hivi, na wenye nyavu walianza kuhama kutoka ndani ya ghuba kwenda nje, kisha nje zaidi. Ndiyo maana mizigo iliyopakiwa kwenye mabehewa Kisumu haikuonyesha upungufu mara moja. Ofisa aliyetazama vitabu vya reli peke yake angeapa kuwa mambo ni shwari.

Graham hakudanganyika na mizigo, na sababu yake iko Bahari ya Kaskazini. Mwaka 1883, kwenye Maonyesho ya Uvuvi ya London, Thomas Huxley, mwanasayansi mwenye sauti kubwa kuliko wengi wa zama zake, alikuwa ametamka kwamba uvuvi mkubwa wa baharini pengine hauwezi kumalizika. Alikubali kuwa chaza na samaki wa mitoni wanaweza kwisha, lakini si chewa wala heringi. Bahari ni kubwa mno na zana za binadamu ni ndogo mno. Kauli yake ilitolewa wakati mashua za tanga zilizokokota majarife ya chini zinaanza kupisha meli za mvuke. Miaka 17 baadaye Walter Garstang alikaa na takwimu za bandari, akabadili kila meli ya mvuke kuwa idadi ya mashua za tanga zenye nguvu sawa nayo, kisha akagawanya samaki kwa mashua. Jumla ya samaki ilikuwa ikipanda, lakini fungu la kila mashua, ndani ya miaka kumi hivi, lilikuwa limeshuka karibu kwa nusu. Baadaye vita vya 1914 hadi 1918 vikawafungia wavuvi bandarini, na waliporudi baharini walikuta samaki wamejaa tena na wamenenepa. Hakuna maabara ambayo ingeweza kubuni jaribio la wazi kuliko hilo. Graham alikulia kitaaluma katika ubishi huu. Alipofika Kisumu alijua aulize nini: wavu mmoja unapata samaki wangapi, na jana ulipata wangapi?

Uchunguzi wake uliendelea hadi 1928, akisaidiwa na kijana E. B. Worthington, ambaye baadaye aliendelea na kazi kama hiyo kwenye maziwa Albert na Kyoga. Nyavu za macho tofauti zilitegwa ghuba kwa ghuba, kwenye maji mafupi na marefu. Samaki walipimwa urefu, wakapasuliwa ili kuona wamekula nini na kama wamekomaa. Njia za wenyeji ziliandikwa moja moja, na bei na safari za samaki zikafuatwa hadi sokoni. Matokeo yalichapishwa London mwaka 1929.

Ripoti ile, ukiisoma leo, ina mambo matatu yanayostahili kukumbukwa. La kwanza ni wavu wa inchi tano. Graham aliona kuwa nyavu zenye jicho la inchi tano likivutwa, yaani milimita 127, ziliwaacha ngege wengi wapate kuzaa walau mara moja kabla hawajanaswa. Akataka zilizo ndogo kuliko hizo zipigwe marufuku. La pili ni mamlaka moja kwa ziwa zima, itakayokusanya takwimu bila kujali bendera. La tatu lilihusu wazo lililokuwa likizungumzwa tayari, la kuleta kutoka Ziwa Albert samaki mkubwa mla wenzake ili awageuze samaki wadogo kuwa minofu. Graham alionya kuwa kufanya hivyo bila utafiti mpana ni hatari kubwa kabisa. Samaki aliyekuwa akizungumzwa ni yule tumwitaye sasa sangara.

Kati ya hayo matatu lililotekelezwa kwanza ni lile rahisi. Mapema miaka ya 1930 inchi tano ikawa sheria pande zote za ziwa. Sheria ya jicho la wavu ina faida yake: askari hahitaji elimu ya viumbe, anahitaji kijiti cha kupimia. Lakini ilihitaji askari, na pwani ya ziwa ina maelfu ya kilomita zenye vinamasi na visiwa. Mamlaka moja ilingoja mpaka baada ya Vita vya Pili. Mwaka 1947 ukaanzishwa mfumo wenye vichwa viwili: idara ya huduma za uvuvi wa ziwa yenye makao Kisumu, na shirika la utafiti la Afrika Mashariki huko Jinja, mahali Nile inapotoka ziwani. Upande mmoja ukashika sheria na takwimu, mwingine ukashika darubini.

Mpango huo ulipoanza kukaa sawa, zana zikabadilika tena. Nyavu za nailoni ziliingia miaka ya mwanzo ya 1950. Kitani huoza, kinahitaji kukaushwa na kupumzishwa. Nailoni haiozi, haionekani vyema majini, na wavu ule ule ukavua maradufu na zaidi. Injini za kufunga nyuma ya mtumbwi zikafuata. Hakukuwa na haja ya kubadilisha jicho wala kuvunja sheria, lakini "wavu mmoja" wa mwaka 1955 haukuwa wavu mmoja wa mwaka 1928. Hapo kipimo cha Graham kikaanza kuteleza: ukihesabu nyavu tu, unadhani juhudi ni ile ile.

Halafu sheria yenyewe ikafutwa. Uganda na Tanganyika ziliiondoa mwaka 1956, Kenya mwaka 1961. Ni rahisi leo kuwacheka waliofanya hivyo, nami sioni kama wanastahili kuchekwa. Mbiru ni mdogo. Wavu wa inchi tano unampita bila kumgusa, na mvuvi aliyewaona wakijaa mbele ya mtumbwi wake aliambiwa asiwavue kwa ajili ya kumlinda ngege. Doria zilikuwa ghali na nyavu ndogo zilikuwa zikitumika kwa siri kila mahali. Sheria isiyosimamiwa humwadhibu mtiifu peke yake. Kilichokosekana ni kitu cha kuweka mahali pake. Macho yalishuka hadi inchi nne na nusu, nne, tatu na nusu, na kila yaliposhuka kulikuwa na msimu wa neema, kwa kuwa kundi jipya la samaki wachanga liligeuka kuwa halali ya mvuvi. Kisha neema ilikwisha na jicho likashuka tena.

Lowestoft ikatuma mtu mwingine. Raymond Beverton alikuwa amechapisha pamoja na Sidney Holt, mwaka 1957, kitabu kinene cha hesabu za makundi ya samaki wanaovuliwa, kazi iliyofanyika katika maabara ambayo wakati huo mkurugenzi wake alikuwa Graham. Ripoti ya Beverton kuhusu hali ya uvuvi wa Ziwa Victoria ilitoka mwaka 1959, na watafiti wa Jinja, akiwamo D. J. Garrod, waliendeleza hesabu hizo kwa ngege wa eneo la visiwa vya Buvuma. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kukokotoa kwa kalamu nini kitatokea ukipunguza jicho kwa nusu inchi. Kalamu ilikuwa nzuri. Sheria ilikuwa imekwishafutwa upande mkubwa wa ziwa.

Wakati macho ya wote yakiwa juu ya ngege, ningu alikuwa akitoweka. Mvuvi mwenye wavu wa nailoni hakuhitaji tena kujenga uzio mtoni na kungoja. Alitega nyavu zake kwenye mdomo wa mto, mbele ya samaki waliokuja kutaga wakiwa na mayai tumboni. Uvuvi ulioshikilia vijiji vya bonde la Nzoia kwa karne nyingi ulianguka ndani ya miaka kama 20, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 anguko hilo lilikuwa limeandikwa kitaalamu kama jambo lililokwisha tokea. Ningu hakuwahi kuwa na sheria yake ya jicho. Samaki wa mtoni, aliyevuliwa na kuliwa vijijini bila kupanda treni, hakuonekana vizuri kwenye takwimu za soko, na uchunguzi uliotumwa na soko humwona kwanza yule anayepanda treni.

Sangara naye aliingia kimyakimya. Kwa miaka mingi ilisemwa kuwa hakuna ajuaye nani alimleta. Mwaka 2005 mtafiti Robert Pringle alichapisha uchunguzi ulioonyesha, kwa nyaraka na ushuhuda, kuwa watumishi wa idara ya wanyama na uvuvi ya Uganda walimtia ziwani hapo Jinja mwaka 1954, wakati mjadala rasmi ungali unaendelea. Geoffrey Fryer, mtafiti wa Jinja, aliandika mwaka 1960 kupinga mpango huo kwa hoja zilizo karibu na zile za Graham: samaki mla nyama huhitaji kula mara nyingi ya uzito wake ili akue, kwa hiyo ziwa litatoa chakula kidogo zaidi kwa jumla. Mwaka huo huo sangara wakaanza kujitokeza kwenye nyavu za wavuvi. Mwaka 1962 na 1963 wakatiwa tena, safari hii hadharani, upande wa Entebbe na wa Kisumu. Sato na ndugu zake wa kigeni walikuwa wametangulia kidogo, wakipandikizwa kufidia ngege aliyepungua. Kwa miaka 15 na ushei baada ya hapo hakuna kikubwa kilichoonekana kutokea.

Katika utulivu huo ndipo ulipofanyika uchunguzi mkubwa kuliko wote uliotangulia. Mradi wa Umoja wa Mataifa ulileta uwezo wa kukokota jarife la chini kwa meli, na kati ya 1969 na 1971 meli ya utafiti Ibis ilipita ziwa zima. Njia yenyewe inaeleweka bila shida. Unajua upana wa mdomo wa jarife na umbali lililokokotwa, kwa hiyo unajua umefagia eneo gani la sakafu. Unapima uzito wa samaki uliopata, unawapanga kwa aina na kwa kina cha maji, halafu unazidisha kwa ukubwa wa sehemu yote yenye kina hicho. Penye miamba jarife halipiti, na dagaa wanaoelea juu hawaingii. Samaki wanaokwepa mdomo wa jarife hukadiriwa tu. Pamoja na kasoro hizo, ilikuwa mara ya kwanza mtu kusema ziwa lina tani ngapi.

A. W. Kudhongania wa Uganda na Mmarekani Almo Cordone walichapisha hesabu hiyo mwaka 1974. Zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa sakafuni walikuwa furu, tani zipatazo 600,000. Furu ni samaki wadogo wenye miiba, wa aina mamia, ambao Waluo huwaita fulu na Waganda nkejje. Walikuwa chakula cha watoto na cha nyumba zisizo na uwezo, na wafanyabiashara wa mjini hawakuwajali. Sangara katika hesabu hiyo hakufikia hata asilimia moja.

Hapa ndipo ninapoona jinsi hesabu sahihi inavyoweza kupotosha. Jarife la Ibis liliwajumlisha furu wote kama mzigo mmoja: tani 600,000 za kitu kimoja. Ndani ya mzigo huo walikuwamo wala konokono, wala mwani, wala vifaranga wa wenzao na wala wadudu wa topeni, kila mmoja na idadi yake ndogo, na wengi wao wakiatamia mayai kinywani kama ngege, tena machache kuliko ya ngege. Lakini tani 600,000 ni namba inayoita kiwanda. Mwaka 1976 kiwanda cha kusaga furu kuwa chakula cha mifugo kilifunguliwa Mwanza, na meli za jarife zikaanza kuleta tani kumi na zaidi kwa siku kutoka ghuba hiyo na jirani zake.

Mwaka uliofuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, wakaanza kufuatilia furu wa Ghuba ya Mwanza aina kwa aina. Walijifunza kuwatofautisha kwa rangi za madume, meno na vina vya makazi. Muda si muda waliona aina zenye miili mikubwa zikipungua mahali meli zilipokokota, jambo ambalo namba ya jumla isingelionyesha. Walidhani wanaandika historia ya furu dhidi ya jarife. Kumbe sangara alikuwa njiani. Katika maji ya Kenya alikuwa chini ya asilimia moja ya mavuvi katikati ya miaka ya 1970, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 alikuwa amepita nusu. Mwanza alifurika kuanzia mwaka 1983 hivi. Miaka michache tu, na majarife yale yale ya utafiti yaliyokuwa yakitoa furu kwa magunia yakawa yanatoa sangara na uduvi. Aina za furu zilizotoweka zinakadiriwa kuwa 200. Watafiti wa Leiden walibaki na orodha ndefu ya samaki wasio na majina rasmi, na wasiopatikana tena wapewe majina.

Kwa mvuvi wa Nyanza hali ilikuwa na sura mbili. Mwanzoni sangara hakutakiwa. Alikuwa na mafuta mno, hakauki juani, na kumkausha kwa moshi kulikula kuni. Kisha viwanda vya minofu vikajengwa, kwanza Kenya, halafu Uganda na Mwanza, na samaki aliyekuwa akidharauliwa akapanda ndege kwenda Ulaya. Tani zilizovuliwa ziwani ziliongezeka mara kadhaa kuliko wakati wowote wa ngege. Aliyesema ziwa limekufa alionekana mtu wa ajabu. Hoja ya Fryer ilihusu kiasi ambacho ziwa lingeweza kutoa siku zote. Soko lilikuwa likihesabu kiasi kilichotoka mwaka huo.

Kipimo kipya kilikuja kutoka baharini tena. Kuanzia mwaka 1999 meli ya utafiti Victoria Explorer ya Mwanza na nyingine zilivuka ziwa kwa mistari iliyopangwa, zikituma sauti chini na kusikiliza mwangwi. Kibofu cha hewa tumboni mwa samaki hurudisha sauti kwa nguvu, na kwa nguvu hiyo mtaalamu hukadiria ukubwa wake. Sangara wakubwa huonekana mmoja mmoja; dagaa, furu na uduvi hujikusanya kuwa wingu ambalo sauti haiwezi kulichambua vizuri. Na meli haiwezi kuingia kwenye maji mafupi, kwa hiyo sato, mkazi wa ufuoni, hubaki nje ya hesabu. Mwanzoni mwangwi ulionyesha sangara zaidi ya tani milioni moja. Mnamo 2008 walikuwa wameshuka hadi karibu tani 300,000, huku dagaa wakizidi. Baadhi ya wavuvi na wenye viwanda walibisha, na ubishi wao haukuwa wa kijinga: samaki huhama, na msimu mmoja hautoshi. Lakini nyavu zilikuwa zikisema jambo lile lile. Macho yalikuwa yakipungua, na samaki waliofika kwenye mizani walikuwa wadogo mwaka hadi mwaka.

Mamlaka ya ziwa zima aliyoiomba Graham ilikuwa imerudi kwa jina jipya. Ile ya awali iligawanyika na hatimaye ikazama pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Mkataba wa Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria ulitiwa saini mwaka 1994, makao yakiwa Jinja. Shirika hilo hushauri na kuratibu. Faini na kifungo hubaki mikononi mwa kila nchi. Chini yake nchi tatu zilikubaliana kuwa viwanda visipokee sangara aliye chini ya sentimita 50 wala aliye juu ya 85, mdogo aachwe akue na mkubwa aachwe azae. Upande wa juu wa kanuni hiyo ulipata mshindani asiyetarajiwa pale wanunuzi wa China walipoanza kutaka mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki. Bondo la sangara mkubwa likawa na bei inayoweza kuupita mwili wake wote, na mvuvi aliyemnasa mzazi wa sentimita 120 akajua ana nini tumboni mwake.

Tangu mwaka 2000 hesabu nyingine imekuwa ikifanyika, isiyogusa samaki hata mmoja. Kila baada ya muda wahesabuji hutawanyika kwenye mialo ya nchi zote tatu kwa siku zile zile, ili mvuvi anayehama asihesabiwe mara mbili, na kuandika kila kinachoelea na kila kinachotegwa: mitumbwi, injini, matanga, ndoana, karabai za dagaa, na nyavu kwa ukubwa wa macho. Hesabu ya kwanza ilipata mitumbwi na boti zaidi ya 42,000 na wavuvi wapatao 129,000. Miaka 15 baadaye wavuvi walikuwa wamepita 200,000. Ndani ya majedwali hayo rasmi, yanayochapishwa kwa idhini ya serikali zote, kuna safu ya nyavu zenye macho madogo kuliko sheria inavyoruhusu, na safu ya makokoro, zana iliyopigwa marufuku Kenya, Uganda na Tanzania. Wenye makokoro hujitokeza, hutaja waliyo nayo mangapi, wakaandikwa, na wahesabuji wakaendelea na mwalo unaofuata.